Nazi ya Kumpandisha Simba wa Maurya

Mimi ni Kwamboka, na maishani mwangu nimebeba mawe mengi kuliko watoto. Nimestaafu juzi tu. Keki ilizidi sukari, hotuba zilizidi urefu, na hakuna hata mmoja aliyesema la maana kuhusu kazi yenyewe. Basi nasema mwenyewe. Nasema kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi vijana mliobaki kule chini ghalani, wa Nairobi, wa Goma, wa Mwanza, ndio mnaoshika mikanda sasa, na Kiingereza changu kinatosha kuongea, hakitoshi kuandika. Shule niliacha darasa la nne. Mkikuta kosa lisahihisheni kimyakimya, mwendelee kusoma.

Vyeo naviruka. Mishahara yenu mnaijua, na wangu hauwahusu.

Nimezaliwa Tabaka, Kisii, kule jiwe laini linakochimbwa na kuchongwa. Kwetu wanaume wanachonga, wanawake wanasugua. Mwanamume anamaliza kiboko chake, anakuachia pamoja na mikwaruzo yote, anaenda zake kupiga gumzo. Wewe unabaki na beseni la maji na msasa: kwanza ule mkali, kisha wa kati, kisha ule laini kama karatasi ya Biblia, mpaka kiboko king'ae. Halafu mtalii anakuja, anakishika, anamsifu mchongaji. Nimesugua mawe tangu nikiwa na meno ya utoto. Nikisema najua jiwe, najisifu, ndiyo, lakini najisifu kwa haki.

Marehemu mume wangu alitangulia Marekani, nami nikafuata. Tulipanga Langley Park, nje kidogo ya Washington, kwenye yale majengo ya matofali ambako kila mlango unanukia chakula cha nchi nyingine. Kazi niliyopata ni kupiga deki katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Washington. Jina la jumba mnalijua. Silitaji hapa, maana baadhi ya nitakayosimulia wakubwa hawayajui mpaka leo.

Siku ya kwanza nilipewa vyumba vya India. Nilisukuma ndoo yangu mpaka mbele ya Buddha aliyesimama, wa enzi ya wafalme wa Gupta. Jiwe lake lina rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nguo imemganda mwilini kama mtu aliyetoka mtoni sasa hivi. Kitambaa chenyewe hukioni, unaona ukingo wake tu, shingoni na miguuni. Nilisahau deki. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina.

"Hujambo, dada? Je, una swali lolote kuhusu sanamu hii?"

Fimbo ya deki nusura initoke. Aliyesema ni Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye ovaroli ya buluu na mvi. Huyo ndiye Wendell, mkuu wa kikosi cha kubeba na kusimika sanamu. Alizaliwa na kukulia Shaw, mtaa wa hapohapo Washington, na ujanani mwake alisoma Kiswahili jioni baada ya kazi, pamoja na wenzake waliotaka kuwa na kitu cha Afrika mdomoni. Wenzake waliacha. Yeye hakuacha. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu hukata maneno.

"Nani alisugua hii?" nikamuuliza.

Alisogea karibu na sanamu. "Swali hilo ni zuri mno. Watu wote huuliza ni nani aliyeichonga."

"Mchongaji anaacha mikwaruzo. Huyu aliyemaliza ndiye nataka kumjua."

"Kwa bahati mbaya, dada, jina lake halijulikani."

"Basi alikuwa mwanamke," nikasema.

Alicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Mwezi huohuo alienda kuniombea nihamie kikosi chake. Ofisini walimuuliza nina cheti gani. Aliwaambia nina mikono. Najua mnacheka. Siku hizi hamwezi kuajiriwa hivyo, na mimi mwenyewe nisingemwajiri mtu kwa maneno kama hayo.

Kabla hajaniruhusu kugusa chochote alinifunza hili: usiinue kitu kabla hujajua utakitua wapi. Mnaona ni jambo dogo. Nendeni mkatazame watu wakihama nyumba. Pete, saa na mkufu vinakaa kabatini. Chuma cha mkanda wa suruali unakizungushia ubavuni. Hurudi kinyumenyume hata kama unakijua chumba kuliko jikoni kwako. Na wakati wa kuinua, mdomo unaosema ni mmoja. Wengine wote ni masikio. Akiuliza, "Umeshika?" unajibu, "Nimeshika," basi, huongezi neno. Kwangu mimi, Mkisii niliyekulia katika nyumba ya wanawake, huko kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko uzito wowote.

Alinifundisha pia kusikiliza. Tulikuwa na sanamu moja ya kijivu kutoka Gandhara, ya enzi ya wafalme wa Kushan, jiwe lenye matabaka kama mandazi yaliyokunjwa. Mkono wake ulivunjika zamani na mtu fulani, mahali fulani, akaubandika kwa gundi anayoijua yeye. Kwa macho huoni kitu. Wendell aligonga begani kwa kifundo cha kidole, taratibu, akasema, "Sikiliza." Jiwe zima lililia kama sufuria. Akagonga chini ya kiwiko. Jiwe likakohoa. "Hapo," akasema, "hatutaweka mkanda kamwe." Uzito wa jiwe haujawahi kunitisha. Ukarabati wa zamani hunitisha mpaka leo.

Baadaye nilijifunza kutengeneza vishikio. Kishikio ni kile chuma kinachoishika sanamu isianguke, na ambacho mgeni hatakiwi kukiona. Unapinda shaba, unaivalisha ngozi laini mahali inapogusa jiwe, unaipaka rangi mpaka inapotea. Kazi yangu nzuri kuliko zote hakuna mgeni aliyewahi kuitazama. Ndivyo nilivyojua ni nzuri.

Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho nakisema wazi. Ghalani kulikuwa na kipande cha mchanga-jiwe cha enzi ya Maurya, ule ufalme wa kwanza mkubwa wa India, chenye upana wa kiganja. Mchanga-jiwe ni jiwe la chembechembe, gumu kuling'arisha. Lakini upande mmoja wa kipande kile uling'aa kama kioo, na umri wake ni wa kabla ya Yesu. Mimi na msasa wangu tuliona hiyo ni changamoto. Nilitafuta jiwe la namna ile kwa mchonga makaburi, nikawa nasugua wakati wa chakula cha mchana, misimu kadhaa, kwa maji, kwa mchanga mwembamba, kwa ngozi. Wendell alikuwa akipita akiuliza, "Je, Maurya wamekwisha kushindwa?" Jiwe langu lilikuwa laini, sikatai. Lilikuwa laini kama shavu la mtoto. Kioo halikuwa. Wasomi wana mawazo mengi jinsi watu wale walivyofanya, na wanapingana wao kwa wao. Mimi wazo langu ni kwamba waliosugua walikuwa wengi, na hakuna aliyewaharakisha.

Sasa niwaambie kuhusu simba.

Mwaka ule walikuwa wamechimbua barabara yote ya Langley Park kwa ajili ya reli ya Purple Line, na mabasi yalijaa mpaka unashuka na kifungo cha mtu mwingine. Jumba lilikuwa linaandaa maonyesho ya sanaa za falme za kale za India, Maurya hadi Gupta. Aliyeyasimamia alikuwa Daktari Rohini, binti mdogo kwa umri, aliyekulia Annandale, kitongoji cha upande wa pili wa jiji. Wazazi wake walimsemesha Kihindi nyumbani naye akajibu Kiingereza, vilevile kama watoto wetu wanavyotufanyia. Alikijutia Kihindi chake alipokuwa mkubwa. Alikuwa na akili kali, na kitu kingine ninachokipenda kwa msomi: alikuwa akishuka ghalani, anakaa juu ya sanduku, anauliza.

Kitu kikuu cha maonyesho kilikuwa simba wa Maurya, aliyekaa, mdomo wazi, aliyekuwa kichwa cha nguzo iliyovunjika zamani. Alikuwa anaazimwa kutoka jumba moja la India. Majumba mengi huwaweka simba wa namna hiyo chini, usawa wa macho. Rohini hakutaka kusikia.

"Mama Kwamboka," aliniambia, "mfalme alisimamisha nguzo ndefu njiani ili msafiri ainue kichwa. Ukimweka simba chini anakuwa mbwa wa mlangoni. Kichwa kinaonekana kikubwa, miguu mifupi, watu wanasema mchongaji alikosea. Hakukosea. Alichonga kwa ajili ya mtu aliye chini."

Wakubwa walimpinga. Mwishoni walikubali kwa sharti: msindikizaji atakayekuja na simba aridhike na kishikio, na simba awe juu kabla ya Ijumaa, siku ya kufungua. Ukumbi ukishajaa makabati ya vioo, hakuna winchi itakayoingia tena. Asipopanda, atabaki kwenye sanduku mpaka arudi kwao, na wageni watatazama nguzo isiyo na kitu. Rohini alikuwa ameyapanga maonyesho yote kumzunguka simba huyo. Mkataba wake ulikuwa unaisha nayo. Hakuniambia mengi, ila nilimwona alivyokuwa akila: kipande cha mkate akiwa amesimama.

Kishikio nilikitengeneza mimi. Nguzo ya chuma iliyovikwa mbao, juu yake shina nene la kuingia kwenye tundu la chini ya simba, na vidole vinne vya kumshika. Nilikipenda sana.

Jumatano msindikizaji akaja. Tulitazamia ofisa mwenye tai. Ofisa alikuwa ameugua, wakamtuma Bwana Mahadev, mkuu wa wabeba mawe wao, mzee mfupi mwenye masharubu meupe na mikono kama koleo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtia simba sandukuni. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Rohini alitafsiri kwa Kihindi cha kuombea chai, na tukaelewana hivyohivyo. Alipoonyesha toroli na kusema "gari," nilimletea gari kabla Rohini hajafungua mdomo. Wendell alishangaa kweli. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kwani neno hilo sisi tulilitoa wapi kama si kwao?"

Mzee yule alikagua kishikio changu kama anayeoza binti. Alikitikisa, akaning'inia juu yake. Aliingiza ukucha kwenye kila kiungo. Mwisho akanitazama, akatikisa kichwa upande huu na huu, na mimi nikajua amekikataa, mpaka Rohini akanong'ona, "Hiyo ni ndiyo, mama. Hiyo ni ndiyo kubwa."

Kisha akauliza kitu. Rohini akabadilika uso.

"Anasema nini?" akauliza Wendell.

"Anauliza nazi iko wapi."

"Nazi?"

"Ya kuvunja. Kabla ya kuinua. Wanasalimia vyombo kwanza: winchi, mikanda, spana, kila kitu. Wanavipaka rangi nyekundu, wanavunja nazi. Anasema hajawahi kuinua jiwe bila hivyo na hataanza na huyu. Hatatia mkono. Na mkataba unasema simba hatoki sandukuni bila mkono wake."

Sasa, nyinyi mnamjua Doreen, au mmesikia habari zake. Doreen alikuwa mlinzi wetu dhidi ya wadudu. Alikuwa na mitego ya gundi kila pembe, na kila Jumatatu alihesabu mende kama mchungaji anavyohesabu kondoo. Kwa Doreen ua ni adui, tunda ni adui. Aliwahi kumtoa balozi ukumbini kwa ajili ya tofaa. Alikuwa amesimama palepale na koti lake jeupe.

"Hapana," akasema. "Nazi, hapana. Ganda lake, hapana. Maji yake juu ya sakafu yangu, Mungu apishe mbali."

Bwana Mahadev hakuhitaji mkalimani. Alivuta kiti, akaketi karibu na sanduku, akakunja mikono.

"Ndugu zangu," Wendell akasema, "hebu na tutafakari."

Rohini alianza kumbembeleza mzee, kisha Doreen, kisha mzee tena. Nilimwona Kihindi kinamwishia. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Doreen alikuwa na haki: nimeona sanamu ya mbao iliyoliwa ndani ikabaki ngozi tu. Na mzee alikuwa na haki. Kila mtu anayeinua vitu vizito ana jambo analofanya kwanza. Wendell alikuwa akigusa kofia yake. Mimi huomba. Kwake yeye ni nazi.

Aliyepata njia ni Doreen mwenyewe. Alimtazama Rohini, akashusha pumzi. "Sheria yangu inaishia mlangoni," akasema. "Nje, kwenye saruji ya malori, fanyeni mnalotaka. Ila hakuna kitakachorudi ndani bila mimi kukifuta."

"Tutatoa winchi nje?" akauliza kijana mmoja wa kikosi.

Rohini akamuuliza mzee. Mzee akajibu kwa neno moja.

"Anasema vyote."

Vyote maana yake hata fremu nzima ya chuma ya kuning'inizia winchi, ambayo tulikuwa tumemaliza kuifunga asubuhi ile. Maneno aliyosema Wendell hayakuwa ya kitabu, na sijui alifundishwa na nani.

Nazi nikatumwa mimi, kwa kuwa Langley Park kuna kila kitu. Nilikwenda jioni ileile, nikateremka kwenye vumbi la reli, nikaingia duka la Wasalvador, nikachagua kubwa, ya kijani kibichi, inayopendeza, nzito kama kichwa cha mtu. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema imependeza sana.

Njiani nilikuwa na jambo jingine kichwani. Mimi ni Msabato. Nilijiuliza mzee wa kanisa angesema nini akiniona nimesimama mbele ya winchi iliyopakwa rangi. Nikaiweka nazi karibu na viatu vyangu vya kazi, nikalala.

Alhamisi asubuhi vyombo vyote vilikuwa nje kwenye saruji, vimepangwa, hata foklifti. Nikatoa nazi yangu kwa fahari. Bwana Mahadev aliipokea, akaigeuza, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitetemeka, mpaka akaegemea foklifti.

Wendell akainama, akaitazama. "Dada Kwamboka," akasema kwa upole wake wote, "samahani, lakini hii ni dafu."

"Ni nini?"

"Dafu. Ni la kunywa. Nazi ni ile iliyokomaa, kavu, ya kahawia. Tulisoma katika somo la matunda ya pwani."

Fikirini aibu hiyo. Mmarekani wa Shaw ananifundisha mimi, Mkenya, nazi! "Kwetu ni milimani," nikamwambia. "Kwetu kuna ndizi. Niulize ndizi!"

Lakini Rohini hakucheka. Alikuwa anatazama saa, na midomo yake ilikuwa mikavu. Hapo nami nikaacha kujitetea, nikampigia simu Mwanaisha.

Mwanaisha ni rafiki yangu, mtu wa Mombasa, anahudumia wazee majumbani. Siku hiyo alikuwa kwa mgonjwa wake kule Annandale. Nilimweleza, na kwanza ilibidi nisubiri amalize kicheko.

"We Kwamboka! Dafu livunjwe? Lingekurudi usoni! Watu wa bara nyinyi mtatuua."

"Dada, sina muda."

"Haya, nisikize. Mambo ya kuvunjia uganga mimi simo, nishakwambia. Lakini nazi ni nazi. Hapa chini pana duka la Wahindi. Wataka yenye shungi?"

"Shungi?"

"Zile nywele za kichwani! Ya ibada haikwanguliwi ikawa kipara. Muulize huyo mzee."

Nikauliza. Mzee akachezesha kichwa upande huu na huu.

"Yenye shungi," nikasema.

"Nikimaliza shifti naja. Na hilo dafu msilitupe, nalitaka."

Alifika mchana kwa treni, na mtandio wake, na mfuko. Akamkabidhi Bwana Mahadev nazi mwenyewe, hakutaka ipitie kwangu. Mzee aliitikisa sikioni. Mwanaisha akainua nyusi, maana yake, unadhani mimi sikuitikisa? Mzee akamwamkia kwa viganja viwili. Nimeona maprofesa wakikutana bila heshima ya namna ile.

Basi akaanza. Kutoka mfukoni alitoa kikopo cha unga mwekundu, akaweka doa kwenye winchi, kwenye mnyororo, kwenye kila spana, kwenye paji la foklifti. Alisema maneno yake taratibu, kama anayeongea na ng'ombe anayemjua. Mimi nilishika mkanda, nikainamisha kichwa, nikasema yangu kwa Ekegusii, kwa Mungu wangu, kwamba mikono ya watu hawa isiteleze. Aliyekuwa akisemeshwa na mimi anajua kuwa ni yeye. Wendell aligusa kofia. Mwanaisha alisimama mbali kidogo, akinywa dafu.

Nazi ikapigwa kwenye saruji, mara moja, ikafunguka katikati. Maji yakaruka. Doreen alikuwa tayari na ndoo na ufagio. Nadhani hakuna chembe ya nazi ile iliyobaki katika jiji la Washington. Kisha akashika chupa ya spiriti na matambara, akafuta kila chombo, winchi, mnyororo, spana, mpaka madoa mekundu yote yakaisha.

Nikamwogopea mzee. Rohini akamuuliza kama ni sawa. Mzee akajibu kifupi, na Rohini akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Anasema hakuna shida. Vyombo vimeshasikia."

Tulifunga fremu upya kwa kasi ambayo sitaki muifuate. Simba akatoka sandukuni, na kung'aa kwake kukanipiga machoni. Nikageuka kidogo, nisimwonee wivu wakati wa kazi. Mikanda miwili, sponji chini ya kifua, hakuna chuma kinachomgusa. Wendell akasimama mahali pake pa kusemea. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: akarudi hatua moja nyuma, akamwonyesha Bwana Mahadev pale alipokuwa. Mdomo mmoja. Akampa wake.

Mzee alitazama mikono ya kila mmoja wetu, na tulijua anauliza nini.

"Nimeshika," nikasema.

Mnyororo ukaanza kuvuta. Simba akapanda, taratibu, akizunguka kidogo hewani kama anayetafuta upepo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, karibu na shina la kishikio. Rohini alikuwa chini ukutani, mikono kifuani. Simba akafika juu ya nguzo, akaanza kushuka, tundu likaelekea shina, likaligusa, likakwama. Upana wa kidole ulibaki. 

Nilijua shina langu ni sahihi. Nilijua pia jiwe haliingizwi kwa kulazimishwa. Nilimtazama mzee. Alikuwa amefumba macho, kiganja kwenye mnyororo, anasikiliza. Akainua kidole: juu. Tukainua kiasi cha unywele. Akanionyesha kwa mkono: mgeuze, kulia kwako. Nikaweka viganja kwenye nyonga za simba, nikamgeuza kama unavyomgeuza mtoto aliyelala ili umfunike. Mzee akashusha kidole.

Jiwe likateremka lenyewe. Lilitoa sauti ndogo, kama mtu anayeketi baada ya safari.

"Bas!" akasema Bwana Mahadev.

Hapo sikuhitaji mkalimani. Basi. Nikakaza vidole vinne vya kishikio, nikafuta alama za glavu zangu, tukatoa mikanda. Simba akabaki juu peke yake.

Niliposhuka ngazi nilimtafuta Rohini ukutani, hayupo. Alikuwa amelala chali sakafuni, chini ya nguzo. Nikadhani amezimia, nikamkimbilia.

"Niko sawa, mama," akasema. Machozi yalikuwa yanamwingia masikioni. "Lala uone."

Magoti yangu si ya kulala sakafuni, lakini nikalala. Na kweli. Kutoka pale miguu ya simba ilirefuka, kichwa kikapata kipimo chake, na mdomo niliokuwa nikiuona mchana kutwa kama mdomo wa anayepiga mwayo sasa ulikuwa unanguruma. Hakuna kilichokuwa kimekosewa. Wendell akaja, akalala upande wangu, akasema kitu cha kitabu kuhusu uzuri. Bwana Mahadev akaja. Miaka yote kwao alikuwa amemjua simba huyu kwa kuinama juu yake, ghalani. Alilala, akakunja mikono chini ya kichwa.

Doreen akaingia na mashine yake ya kusugua sakafu, akatukuta sote chini.

"Amkeni," akasema. "Nataka kumaliza hapa. Wageni ni kesho."

"Dakika moja, Doreen," akasema Rohini.

"Mnatazama nini?"

Rohini akaonyesha juu kwa kidole. Doreen akainua kichwa, akatazama juu, akahama hatua, akatazama tena. Kisha akazima mashine, akavua koti lake jeupe, akalitandika sakafuni, akalinyoosha pembe zote nne, akalala.